Anayesoma Ramani za Makambi ya Reli

Saa moja asubuhi, Chanika, Genoveva Rwegasira anatandaza nakala ya ramani juu ya boneti ya gari. Haikunji. "Mkunjo unakula kijiji kizima," anasema.

Mwanamke huyu wa miaka 47, mzaliwa wa Muleba, ni mtunza ramani kwenye ofisi ndogo ya wapimaji Buguruni. Ana ramani 214 za kale za makambi na vijiji vilivyoota kandokando ya reli. Mchwa wameshakula 61.

Leo ameitwa na Salsabil Abdulhadi, mwenye duka Buguruni. Babu yake alifungua duka kwenye kambi ya reli iliyokuwa hapa Chanika, na akazikwa hapa. Sasa shamba limeuzwa, na kesho mpimaji Gozbert anaweka mawe ya mipaka. Kaburi lisipoonyeshwa leo, litajengewa nyumba juu.

Salsabil hana wasiwasi. Wazee waliacha kipimo: hatua mia mbili kutoka relini. Miaka kumi na moja familia imekuwa ikifagia kichuguu chenye mawe na kukisomea Yasini.

Genoveva anatazama kichuguu, kisha ramani.

"Mama, hapa palikuwa na tangi la maji ya treni."

"Unasemaje wewe? Sie tumesomea tangi?"

"Dua haipotei, mama. Ila mzee hayupo hapa."

Anamwonyesha kwa kidole kwenye ramani. Reli aliyoijua babu siyo hii. Ile ilipita nyuma ya kilima; iling'olewa, tuta lake likalimwa mihogo. "Kila mtu anapimaga kutoka kwenye reli anayoiona," anasema Genoveva.

Wanaanza upya kutoka kwenye tuta, kuelekea palipoandikwa 'makaburi' kwenye ramani; Gozbert, aliyekuja leo kukagua shamba, yuko mbele akifyeka. Hatua chache kabla ya mia mbili, panga linagonga jiwe la tumbawe, la kichwani mwa kaburi. La pili liko upande wa miguuni.

Salsabil anakaa chini. Kisha: "Babu, utusamehe. Tulikuwa tunakwenda kwa jirani."

"Barabara ya mtaa ilipangwa kupita hapa, nitaikwepesha," anasema Gozbert. "Tajiri aliyenunua shamba atanuna, atazoea."

Genoveva analipwa shilingi 380,000 kwa mwezi, na ofisi haina mashine ya kunakili karatasi kubwa. Hangoji. Ameanza kutembea na wazee, ramani moja baada ya nyingine, akiandika majina kwa penseli kwenye karatasi nyepesi inayoonyesha ramani iliyo chini yake.

"Ramani inasema 'makaburi' tu, haisemi ya nani," anaeleza akiviringisha karatasi yake. "Jumamosi naenda Pugu. Kuna bibi wa miaka tisini na moja. Wameniambia niwahi, asubuhi ndiyo anakumbuka vizuri."