Bibi aliyesimamisha wimbo wetu

Jamani, leo bibi mmoja katusimamisha katikati ya wimbo!

Bendi yetu ilikuwa harusini Igoma, na gitaa, zeze na ngoma tu.
Mwimbaji wetu Koku ni Mhaya, lakini alikuwa anaimba Kisukuma.

Bibi akaja mbele, akainua mkono. Tukanyamaza.

"Shikamoo bibi," Koku akasema.
"Marahaba. Mjukuu wangu, hapo umemwita bi harusi ndama."

Ukumbi ulicheka! Mimi nilitamani kujificha nyuma ya ngoma yangu.

Bibi akamshika Koku mkono, akaimba ubeti wote, Koku akifuatisha neno kwa neno. Wazee wakainuka kucheza.

Tulipomaliza akauliza, "Mazoezi yenu ni lini?"

Tukamwambia Jumamosi, kule Pasiansi. Kasema anakuja, na Koku kashanunua daftari.

Nani mwingine amewahi kusahihishwa hadharani akafurahi hivi?