Mvua ya Saa Mbili na Dakika Kumi

Elinuru binti Tobia ndiye aliyetengeneza ile programu inayopiga king'ora ardhi ikitaka kuporomoka. Anafanyia kazi Lushoto mjini, chumba cha juu, kompyuta moja na chupa ya chai. Wazazi wake wako Mlola, nyumba yao chini kabisa ya mteremko.

Niwaeleze polepole. Kompyuta haijui Jumanne wala Aprili. Inahesabu sekunde tu, tangu mwaka 1970 ulipoanza. Kwa hiyo wapima mvua wa vijijini wakituma tarehe, saa na milimita kwa simu, programu inageuza tarehe na saa kuwa sekunde, kisha inajumlisha mvua ya saa tatu zilizopita. Ikizidi kiwango, king'ora kinalia.

Jumanne ile ilinyesha tangu alfajiri. Saa tatu asubuhi Elinuru akatazama dirishani: mlima hauonekani. Akatazama kompyuta: Mlola, sifuri.

Akampigia baba yake, ambaye ndiye mpima mvua wa huko.

"Shikamoo baba. Mbona hujatuma vipimo?"

"Marahaba. Nimetuma mara mbili! Saa moja, tena saa mbili na dakika kumi. Kopo limejaa, mwanangu. Au kompyuta yako bado imelala?"

Elinuru akafungua ujumbe. *2:10, milimita 61.* Programu ilisoma saa nane usiku, mvua iliyokwisha pita. Siku ya kuijaribu aliandika mwenyewe, 08:10, kwa mkono uliozoea saa za Kizungu za ofisini. Akasahau kwamba kwao saa huanza kuhesabiwa jua likichomoza.

"Baba, mtoe mama. Sasa hivi. Halafu kagonge kengele ya kanisa kule juu."

"Mama yako Rahabu ana uji jikoni, unamjua..."

"Baba, nakuomba. Uacheni uji!"

Tobia hakukata simu. Elinuru akasikia matope, akasikia mama yake akilalamika njia nzima, kisha kengele. Kisha mngurumo mrefu.

"Baba?"

"Tupo," Tobia akasema, sauti imekwisha. "Sote tupo juu. Nyumba haipo."

Elinuru alilia kidogo, akafuta uso, akafungua ujumbe wa vijiji vingine. Malindi, ile ya huku milimani: *1:20. 2:30.* Misimu miwili king'ora cha Malindi hakijalia hata mara moja, naye alidhani ardhi ya kule ni imara.

Nje mvua ikaongezeka. Akampigia mpima mvua wa Malindi. Simu ikaita, ikaita, haikupokelewa.