Bawa Lililopita Kilele

Miaka thelathini na minane Eltjo Bouwkamp alisaga nafaka katika kinu chetu cha upepo, na mkewe Hilje akishona magunia chini. Halafu mabawa yakaoza, yakateremshwa, kinu kikabaki kisiki miaka tisa. Katikati ya miaka hiyo Hilje akafa.

Tangu hapo Eltjo akawa mtu wa peke yake kabisa. Jumamosi alikuja kututazama tukikarabati, anakaa juu ya kreti, anauliza swali lile lile: "Mabawa lini, bwana?"

Nami, msagaji mpya mwenye cheti changu, namjibu kwa utani: "Babu, una haraka ya kwenda wapi?"

Anacheka kidogo, anaondoka zake. Sikuwahi kumuuliza anayatakia nini.

Siku ya sherehe kijiji kizima kilijaa kando ya mfereji: bendi, bendera, maandazi ya zabibu. Bi Wubbina, mwenyekiti wa kamati, akampa Eltjo heshima ya kushika kamba ya breki, sisi watatu tukiwa kibarazani juu. Mabawa yakazunguka! Machozi yakanilengalenga, sifichi.

Kisha ukafika wakati wa kuyafunga. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua: siku ya furaha bawa husimamishwa kabla halijafika kileleni, juu kabisa ya mzunguko wake; likisimamishwa limeshapita kilele kidogo, pana msiba. Eltjo akavuta kamba taratibu. Bawa likapita kilele, likasimama.

Bendi ikanyamaza.

"Ala! Nani kafa tena?" mtu akapaza sauti chini, watu wakaangua kicheko.

"Mzee kachanganya," Bi Wubbina akaninong'oneza. "Rekebisha upesi, wa magazeti wanapiga picha."

Nami, mjinga mimi, nikainyakua kamba mikononi mwake. "Lete hapa, babu! Umezeeka, hata kilele hukioni!" Nilisema kwa nguvu makusudi, watu wasikie wacheke. Wakacheka. Nikaachia breki, nikafunga bawa kwa mkao wa furaha. Vifijo na vigelegele!

Eltjo alikuwa bado amenyoosha mikono.

"Hilje alipokufa mabawa hayakuwepo," akasema. "Nilitaka lisimame robo saa tu."

Aibu niliyoiona siku ile sijapata kuiona tena. "Tulirudishe, babu. Sasa hivi."

"Acha," akasema. "Wameshacheka."

Akavaa kofia yake, akashuka ngazi polepole, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpigia makofi.