Mkaguzi Hataki Kula

Ni Jumamosi asubuhi nje ya kliniki ya mifugo. Wanunuzi sita wamesimama mbele ya meza ya kukunja, na hakuna anayetoa hela. Wanamsubiri mbwa.

Mbwa mwenyewe ana rangi ya udongo, kidevu kimejaa mvi, na anaitwa Mkaguzi. Amelala chini ya meza, kichwa juu ya kiatu cha mwenye meza, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Biskuti. Anauza vitafunwa vya mbwa anavyooka mwenyewe. Kazi ya Mkaguzi ni moja: anapewa kipande cha kwanza, anakila mbele za watu, ndipo biashara inaanza.

"Mkaguzi hajapitisha bado?" anauliza dereva mstaafu mwenye mbwa wawili wafupi. "Mwamshe, mimi nina safari."

"Subiri, mjomba. Bosi haamshwi kwa kelele."

Watu wanacheka. Mama Biskuti hacheki. Anajua jambo ambalo wateja wake hawalijui: Mkaguzi ni mgonjwa, na kipande wanachosubiri akile kinaweza kumpunguzia siku alizobakiwa nazo.

Mama Biskuti alianza kuoka miaka mitano iliyopita, baada ya kiwanda cha nguo alichokuwa akishonea kufungwa. Jiko lake ni chumba kimoja chenye oveni ya mitumba inayofungwa mlango kwa waya, mashine ya mkono ya kusagia nyama, na trei nne zilizopinda. Anatengeneza aina mbili. Ya kwanza ni ini la ng'ombe lililokatwa jembamba na kukaushwa kwa moto mdogo mpaka livunjike kama kijiti. Ya pili ni biskuti za umbo la mfupa, za viazi vitamu, unga wa shayiri, yai na ini la kusaga. Chumvi hakuna, sukari hakuna, na kitunguu hakivuki mlango wa chumba hicho.

"Nguo zangu zote zinanuka ini," anasema binti yake, anayesoma chuo cha ufundi. "Mbwa wa mlinzi wa chuo ananisindikiza mpaka mlango wa darasa. Wenzangu wanasema nimepata mchumba."

Ada ya chuo hicho inatoka kwenye trei hizo. Kodi ya nyumba pia, kwa sababu baba wa familia, fundi magari, ameumia mgongo na ni mwaka wa pili sasa hajaingia chini ya gari.

Mama Biskuti si mtu wa kuponda vitafunwa vya dukani ili auze vyake. "Kuna vizuri, tena vingine vinashinda vyangu," anasema. "Geuza pakiti, soma nyuma. Ukikuta nyama imetajwa kwanza na vinavyofuata unavijua, nunua. Ukikuta rangi, sukari na maneno ya kuvunja ulimi, rudisha ulipotoa."

Ni vya dukani vilivyompa Mkaguzi kazi. Miaka miwili iliyopita mbwa kadhaa wa eneo hilo waliugua baada ya kula vijiti vyekundu vya bei rahisi, visivyo na jina la mtengenezaji. Mmoja alikufa. Watu wakaanza kuogopa kila kitu, hata biskuti za jirani.

"Mama mmoja akaniambia, kama ni salama mpe wako kwanza," anakumbuka. "Nikampa. Akala, akalamba mkono wangu, akalamba na mguu wa meza. Siku hiyo niliuza mpaka makombo."

Tangu hapo hakuna anayenunua kabla Mkaguzi hajala. Watoto walikuwa wanampigia makofi. Mume wa Mama Biskuti ndiye aliyempa jina la Mkaguzi.

Mwezi uliopita Mkaguzi alianza kunywa maji bila kukoma. Bakuli lilikuwa linajazwa asubuhi, mchana limekauka. Akakonda, akaanza kutapika. Daktari wa kliniki, yule yule anayemruhusu Mama Biskuti kuweka meza nje ya lango lake, alimpima damu na kusema ni figo. Hazitapona. Kinachowezekana ni kuzipunguzia mzigo: chakula laini, maji ya kutosha, na ini aache kabisa, kwa sababu lina madini ambayo figo zake hazina tena nguvu ya kuyatoa mwilini.

"Nikamuuliza, ni biskuti zangu?" anasema Mama Biskuti. "Akasema ni uzee, mbwa ana miaka kumi na miwili. Nikamwambia, apa. Akasema kuapa siwezi, mama."

Hapo ndipo alipokwama. Mkaguzi akiendelea kula, anamuumiza. Asipokula, wateja watasema hata mbwa wake amezikataa. Na akitangaza kwamba anaumwa, nani atanunua biskuti ambazo mbwa aliyezila miaka yote ameugua figo?

Nyumbani hawakuelewana. Mumewe, aliyelala sakafuni kupumzisha mgongo, aliongea akitazama dari.

"Kipande kimoja kwa wiki, mke wangu. Kimoja tu. Nyumba hii inakula kwa mdomo wa huyo mbwa."

"Na wewe daktari aliposema usinyanyue kitu, nilikwambia nyanyua kimoja tu kwa wiki?"

"Mimi si mbwa."

"Ndiyo maana wewe unaweza kujitetea."

Binti ndiye aliyeleta wazo. Waoke biskuti chache za Mkaguzi peke yake, zisizo na ini: wali uliopondwa, boga na ute wa yai. Umbo lile lile la mfupa, rangi karibu ile ile. Akila hiyo mbele za watu, nani atajua?

"Tulipanga kila kitu," anasema Mama Biskuti. "Tulisahau kumuuliza mwenye pua."

Sasa yuko mbele ya wateja sita. Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni, si kwenye trei, na kutoa ile biskuti ya boga. Mkaguzi anainuka kwa shida, miguu ya nyuma ikitetemeka. Ananusa. Anaipokea kwa meno ya mbele, taratibu, anaiweka chini kwenye saruji, na kurudi kulala.

Hakuna anayecheka.

"Mh," anasema mwanamke aliyeshika kamba ya mbwa mweupe. "Hata wa kwako?"

"Labda ameshiba," anasema dereva mstaafu. "Mpe hiyo ya kwenye trei."

Mama Biskuti anachukua kipande cha ini. Mara hii Mkaguzi hahitaji kuitwa. Anakaa wima kama alivyokuwa akikaa zamani, masikio juu, mate yanadondoka. Anakitaka. Wateja wanakitaka akile. Kinachotakiwa ni kufungua vidole tu.

Anakiangalia kile kipande, anamwangalia mbwa, kisha anakitia mdomoni mwake mwenyewe. Anakitafuna mpaka kinaisha, akikodolewa macho na watu sita na mbwa wanne.

"Ni mgonjwa," anasema akishameza. "Figo. Daktari amemkataza ini. Vitafunwa ni vile vile vya siku zote, mimi nimekula, mmeniona."

"Ameugua kwa kula hivi?" anauliza mwanamke wa mbwa mweupe.

"Daktari anasema hapana."

"Na wewe unasemaje?"

Angeweza kusema uongo wakati huo. Wengi wetu wenye ada ya mtoto ya kulipa tungesema.

"Sijui," anajibu.

Mwanamke anarudisha pakiti mezani, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Wengine wanakumbuka wana mambo ya kufanya. Dereva mstaafu ananunua pakiti moja. "Usikate tamaa, dada," anasema. Kisha anaifungia kwenye buti la gari, ingawa mbwa wake wawili wanaililia.

Mpaka meza inakunjwa saa sita, hiyo ndiyo pakiti pekee iliyouzwa. Jumamosi ya kawaida zinatoka arobaini.

Daktari, aliyeona yote dirishani, anatoka na pakiti ndogo ya biskuti za mbwa wenye figo dhaifu, zinazotoka kiwandani. Bei yake ni karibu faida ya siku mbili za Mama Biskuti. Hii ni sampuli, anamwambia, hailipiwi. Zinazofuata zitalipiwa.

Nyumbani, mumewe anaangalia kikapu kilichorudi kimejaa. Anajikongoja mpaka nje na kukaa kwenye ngazi. Binti anapanga pakiti kwenye rafu na kugeuza uso.

Mama Biskuti anapiga magoti jikoni, katikati ya trei zake, na kumpa Mkaguzi biskuti ya kiwandani. Mbwa ananusa muda mrefu. Kisha anaila. Anaomba nyingine.

"Ya dukani!" anasema, akicheka huku akifuta macho kwa mkono wa aproni. "Miaka yote hii, mzee, na leo unanikimbilia dukani."

Zamani mpango wake ulikuwa kuingiza biskuti zake kwenye rafu za supamaketi. Hautaji tena. Anageuza ile pakiti na kusoma nyuma, mstari kwa mstari, kidole kikitangulia. Anataka kumwomba daktari amfundishe kutengeneza vitafunwa vya mbwa wazee na wagonjwa, vya bei ambayo watu kama yeye wanaweza kulipa. Hajui kama daktari atakubali. Hajui kama kuna atakayenunua kutoka kwake tena, wala ada ya muhula ujao itatoka wapi.

Anaulizwa safari hii nani ataonja kwanza.

"Huyu huyu," anasema, mkono ukiwa juu ya mbavu za mbwa, ambazo sasa zinahesabika. Daktari amezungumzia miezi michache, na hakusema mingapi. "Kwa hiyo inabidi nijifunze haraka."