Mama Mkwe na Gari la Viti Viwili

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu Bariadi na begi mgongoni, sijui ninakokwenda. Nilikuwa nimeshakaa mjini hapo kiasi cha kuwajua mbwa wa mtaa kwa sauti zao, na mimi nikifikia hapo huwa naondoka.

Nilianzia kituo cha mafuta. Ni mahali pazuri kwa mtu asiye na safari, maana kila gari linalosimama pale lina safari yake, na moja hukosi kuidandia.

Ndipo nikaliona. Gari dogo jekundu, halina paa, viti viwili tu, na liko chini hata mhudumu wa pampu alikuwa ameinama kama anayekunywa maji mtoni. Mwenyewe alisimama pembeni ameshika kichwa kwa mikono miwili. Siwezi kupita mashine bila kuuliza, nikauliza.

Akachangamka. Alikuwa fundi magari wa Maswa. Gari alilinunua likiwa bovu, akalifufua kwa mikono yake.

"Halina redio, halina kiyoyozi. Vyote hivyo ni uzito," akaniambia. "Gari la spoti ukilijaza vitu linakuwa basi lililokonda."

"Sasa mbona umeshika kichwa?"

"Mke wangu kajifungua. Naenda Nkoma kumchukua mama yake aje amlee."

"Hongera! Shida iko wapi?"

"Nilihesabu kiti cha mama. Changu sikukihesabu."

Nilicheka mpaka mhudumu akageuka. Msukuma hakai bega kwa bega na mama mkwe wake. Akimwona mbele njiani, anampisha kwa kuingia shambani. Kwenye gari la kawaida mama angekaa nyuma kabisa, mizigo ikiwa katikati yao. Hapa kati yao kungekuwa na gia peke yake. Na mke alikuwa ameshasema: gari likishindwa kumleta mama leo, kesho linauzwa, wanunue la kubeba familia.

"Una leseni?" akaniuliza.

Ninayo. Niliacha shule mapema nikawa utingo wa lori la pamba, usukani nikaujua kabla ya ndevu.

Akanipa ufunguo. "Usilikanyage. Liguse tu."

Kweli, lilikuwa la kuguswa. Nimeendesha magari yenye kila kitu ndani, nikashuka bila kukumbuka hata njia. Hili kila kokoto nililisikia kiunoni, na ukitazama kona tu limeshaanza kukata. Karibu na Nkoma mwenyewe alishuka akatafuta bodaboda, nikaenda peke yangu hadi nyumbani kwa mama mkwe wake.

Mama alitoka na mfuko wa michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, na kuku mmoja.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama kwa Kisukuma.

Akaitikia huku analizunguka gari. "Limekatwa wapi?"

"Halikukatwa, mayu. Limezaliwa hivi."

"Na wengine wanakaa wapi?"

"Hakuna wengine."

Wakati huo majirani walishafika na vifurushi vyao, maana gari likija kijijini ni la wote. Mama akawaangalia, akaliangalia gari, akaanza kutabasamu.

"Nafasi hakuna, jamani. Tazameni wenyewe!"

"Mayu, hata mapajani?" akauliza mwanamke mmoja.

"Mapajani kuna michembe."

Niliwaonea huruma, nusu yao walikuwa wameshavaa viatu vya safari. Lakini mama alikuwa ameshaingia na kujifunga kanga kichwani. Kuku tukampa mwenye gari, aliyekuwa akitusubiri mbali kidogo juu ya bodaboda, uso ameugeuzia shamba la pamba.

Tulipoingia lami, tukiwa tumeipita Bariadi, mama akaniuliza, "Hili ndilo la mbio? Au limechoka?"

Nikaligusa. Mama akapiga vigelegele mpaka wachunga ng'ombe wakatupungia fimbo. Kwenye kioo nilimwona mwenye gari akipotea nyuma, amemkumbatia kuku.

Tulifika Nyalikungu, mjini Maswa, jua limepoa. Binti yake alikuwa mlangoni na kichanga.

"Pole na safari, mama. Kesho tunaliuza hili."

Bodaboda nayo ilikuwa imeshafika na kusimama nje ya ua, na mama alijua nani anasikiliza. Akanigeukia mimi, akapaza sauti.

"Mwambie mwenye gari asiuze, na asiongeze kiti hata kimoja! Tangu niolewe sijasafiri bila mtoto wa mtu mapajani."

"Na huyu wetu je, mama?" binti akauliza.

"Huyu atakaa na mimi, wewe utaendesha. Ukipata nguvu, kijana huyu akufundishe. Baba yake apande pikipiki, ameshazoea."

"Sawa, mama!" sauti ikajibu nyuma ya ua, na kuku naye akalia.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi na mahali pa kulala kwa pamoja. Mwenye gari hakuweza kulala paa moja na mama mkwe, kwa hiyo alikuwa amehamia chumba cha nyuma ya gereji yake. Akanitandikia godoro la pili kati ya matairi, akaenda kulifunika gari turubai, akarudi amefurahi.

"Unaona? Kiti hakijaongezwa."

"Ila chako kimeondoka."

"Ni uzito pia," akasema, akanisogezea bakuli la michembe.