Ukucha Ulionipeleka Madhabahuni

Kwaya yetu ya akina mama hapa Kinampanda ilinunua viatu vya sare, vyeupe, vyenye ncha kama mdomo wa kuku. Vyangu vilinibana, nikasema vitalegea. Havikulegea.

Ukucha wa kidole gumba cha mguu ukaanza kuzama kwenye nyama. Kidole kikavimba, kikang'aa kama nyanya. Kila jioni nikawa nauchokonoa pembeni kwa wembe, nazikata pembe zake ziwe mviringo, nikidhani nausaidia.

"Nenda zahanati," mume wangu akaniambia.

"Kwa ajili ya ukucha? Mimi si mtoto."

Jumapili tukaimba. Wimbo ulikuwa na hatua zake: mbele, nyuma, geuka. Kwenye kugeuka, jirani yangu wa sauti ya pili, mama aliyejaliwa mwili, akatua na kisigino juu ya kidole changu.

"Yesu wanguuu!" nikapiga kelele.

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Nikawa naruka kwa mguu mmoja, machozi yananitoka. Vigelegele vikapigwa. Wazee wa kanisa wakanishika mikono, wakanipeleka mbele. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, akasogea karibu ili aombe vizuri, akakanyaga palepale. Nilichosema hapo sikirudii. Kilikuwa Kinyiramba, na bibi mmoja wa benchi la mbele alijifunika uso kwa kanga.

"Toka, pepo!" mchungaji akanguruma.

Mume wangu akasimama. "Samahani, Mchungaji. Huyo hana pepo. Ana ukucha."

Watu walicheka mpaka mpiga ngoma akaangusha fimbo zake. Mchungaji mwenyewe alimalizia ibada akipangusa macho.

Kesho yake nilikwenda zahanati. Daktari, binti wa umri wa mwanangu, aliniamkia, kisha akakitazama kidole.

"Mama, nani kakukata hivi?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi usirudie. Ukucha wa mguu unakatwa kwa mstari ulionyooka, pembe zake unaziacha. Ukizichimba, unaota ukielekea ndani."

Alinichoma sindano ya ganzi, akaondoa ule upande uliozama, akanifunga bandeji. Akanielekeza jinsi ya kusafisha kidonda, akanipiga marufuku viatu vya kubana, na kunionya kwamba nikiona usaha nirudi haraka.

Jumapili zilizofuata niliimba kwa kandambili. Wenzangu wa kwaya waliniachia nafasi ya kutosha kugeuza mkokoteni wa ng'ombe, na yule jirani yangu alihamia sauti ya kwanza, ambayo haiwezi hata kidogo.