Mkalimani Aliyetumwa Zizini

Nakumbuka alasiri moja kule Njoro, mwanangu. Wewe ndiye unaanza ukalimani, nivumilie nikuite hivyo. Sijaota mvi, ila wasiwasi umenizeesha mapema. Nilikuwa najifunza ukalimani kwa Mama Chebet, mkalimani mstaafu wa mahakama. Kabla yake nilijifundisha peke yangu kwa redio na kamusi, na kila neno lililoniponyoka liliniibia usingizi. Jumamosi daktari wa mifugo angewahutubia wafugaji kwa Kiingereza, nami nimkalimanie kwa Kiswahili. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza, na Mama Chebet alikuwa amenionya: nikishindwa mazoezini, atampeleka mwingine.

Basi akanichezea kwenye simu mhadhara kuhusu ugonjwa wa kiwele. Nilianza vizuri. Kisha msemaji akasema maziwa ya kwanza yakamuliwe kwenye kikombe cheusi. Nilisikia kila neno. Lakini cheusi kwa nini? Nikiwa bado najiuliza, mhadhara ukaniacha.

"Mbona umenyamaza? Betri imeisha?"

"Nitakariri maneno yote, Mama."

"Umewahi kukamua?"

"Mimi ni wa mjini, Mama. Maziwa yetu ni ya pakiti."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndiyo maana! Weka kamusi chini, vaa gambuti."

Zizini aliosha kiwele cha ng'ombe wake kwa maji ya vuguvugu, akanionyesha: juu ya weusi, vibonge vya maziwa mabovu huonekana upesi, kabla hayajaharibu ndoo nzima. Nami nikakamua, vibaya, ng'ombe akinichapa mkia usoni. Tuliporudi akanichezea mhadhara mwingine, wa msemaji mwingine. Ajabu! Nilijua sentensi inaelekea wapi kabla haijafika. Hata msemaji alipomeza maneno, sikupotea.

"Jumamosi utasimama wewe," akasema.

Jumamosi nikasimama mbele ya wafugaji, nikakalimani hadi mwisho. Mwishoni mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, uko na ng'ombe wangapi?"

"Bado, mzee. Lakini kuna mmoja ananijua."

Wakacheka wote, hata daktari, ambaye hakuwa ameelewa.

Usilolijua ni usiku wa giza, mwanangu, na sikio pekee si taa. Ukipewa kazi ya mvuke wa Olkaria, ule wa kuzalisha umeme, kwanza kaongee na wanaoufanyia kazi. Ikiwa ni ya maua, nenda Karagita, wanakoishi wanaoyakata, ukawaulize. Wala usijichape kwa neno moja lililopotea. Ukilijua jambo lenyewe, utalifikia neno hilo kwa njia nyingine. Mungu akukutanishe na watu wasiochoka kuulizwa, na kila neno litakalokujia likukute unalingoja.